Maswali ya Wasomaji: Sola ya Nyumbani Ipimwe Kabla ya Kulipiwa

SWALI: Habari za kazi, fundi. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Kisiwa cha Kome, kwenye kitongoji ambacho nguzo za umeme bado hazijafika. Nyumba yangu ina vyumba vitatu na sebule, imeezekwa kwa bati, na mbele yake, kama mita 15 hivi, kuna kibanda changu cha duka. Mwanangu aliyeko Mwanza mjini amenitumia pesa niweke sola. Fundi mmoja ameniletea alichokiita seti kamili: paneli ya wati 300, betri kavu ya 100 na inveta ya wati 1,000. Anasema nitapiga pasi, nitawasha friji ya soda dukani, na TV nitaangalia hadi nichoke. Paneli anataka kuifunga juu ya kibanda, betri ikae chumbani kwangu kwa usalama. Vifaa ameviacha hapa niviangalie, na paneli nimeipima kwa futikamba, ni sentimita 120 kwa 54. Anataka malipo wiki hii. Jirani ananishauri nichukue sola ya mkopo, ya kulipa kidogo kidogo kwa simu. Mwingine anasema nisubiri umeme wa REA, wakala wa nishati vijijini. Mwanangu, nishauri.
Mwalimu mstaafu, Kome, Buchosa

JIBU: Shikamoo mwalimu. Usilipe bado. Hicho kipimo ulichokiandika kinatosha kuonyesha kwamba hiyo si paneli ya wati 300.

Chukua urefu mara upana kwa mita: 1.2 mara 0.54, unapata kama 0.65 ya mita ya mraba. Paneli nzuri zinazouzwa siku hizi hutoa takriban wati 200 kwa kila mita ya mraba jua likiwa kali. Zile bora kabisa huzidi hapo kidogo. Kwa hiyo paneli yako, hata ikiwa ya ubora wa juu, ni ya wati 130 hivi. Paneli ya kweli ya wati 300 ina urefu wa mita moja na nusu au zaidi na upana wa mita moja, na mtu mmoja huibeba kwa shida ngazini. Nyuma ya paneli hiyo kuna karatasi ya maelezo iliyobandikwa, na karatasi mtu yeyote anaweza kuichapisha. Hesabu hii inaniuma kuiandika, kwa sababu nimeziona paneli za namna hii kwenye mapaa mengi ya Sengerema na Ukerewe, kwa watu waliouza ng'ombe au mpunga wa msimu mzima ili wapate mwanga.

Sasa twende kwenye betri. Hapo Kome huna haja ya kuniita. Ipeleke mwaloni, pale wavuvi wanaposhusha samaki, uombe ipandishwe kwenye mizani yao. Betri ya risasi ya volti 12 yenye uwezo wa ampea-saa 100 ina uzito wa karibu kilo 30, kwa sababu uwezo wake unatokana na risasi iliyomo ndani. Ikisoma kilo 15 au 18, basi ni ya 50 au 60, hata kama imeandikwa 100 kwa herufi za dhahabu. Kipimo hiki ni cha betri za risasi tu, iwe kavu au ya maji. Betri za lithiamu ni nyepesi kwa asili yake: ya 100 huwa na kilo 10 hadi 14, na hizo hupimwa kwa njia nyingine.

Ukimaliza hayo mawili, kaa na daftari kama ulivyokuwa ukiandaa somo, uandike usiku wako. Fundi anayekuuliza kwanza una shilingi ngapi, kabla hajauliza unawasha nini na kwa saa ngapi, hajaanza kazi bado. Nimejaribu kukuandikia kwa kukisia, nawe utarekebisha. Taa 5 za ndani za wati 5, kila moja saa nne kwa usiku, ni wati-saa 100, yaani wati mara saa. Taa moja ya nje ya kulinda duka, wati 5, inawaka kwa muda wa saa 11, hadi kunapambazuka: 55. TV ya inchi 24 inayotumia volti 12 moja kwa moja pamoja na king'amuzi chake hula wati 45 hivi. Kwa saa nne ni 180. Simu sita, zako na za wateja unaowachajia, tuseme 90. Redio mchana kutwa dukani, 30. Jumla ni wati-saa 455 kwa siku.

Namba hiyo ndiyo inayochagua vifaa. Huku kwetu kanda ya Ziwa tunapata takriban saa 5 za jua kamili kwa siku, lakini si kila kinachotoka kwenye paneli kinafika kwenye taa: joto, vumbi, waya na betri yenyewe vinakula sehemu yake. Hesabia kwamba theluthi mbili tu ndizo zinazofika. Paneli ya wati 140 ya kweli, mara saa 5, mara theluthi mbili, ni wati-saa 467 hivi, ingetosha siku za kiangazi. Masika ya Machi hadi Mei na mvua za vuli zikianza Oktoba hali ni nyingine, mawingu yanakaa juu ya ziwa toka asubuhi. Kwa hiyo mimi ningeweka paneli mbili za wati 100 za kweli. Kwa betri, mtu ajiwekee akiba ya usiku mmoja na nusu, yaani karibu wati-saa 680. Betri ya risasi ya 100 ina wati-saa 1,200 ndani yake (volti 12 mara 100), ila ukiitumia zaidi ya nusu mara kwa mara unaiua, kwa hiyo yako halali ni 600. Haitoshi. Ungehitaji ya 150. Lithiamu ya aina ya fosfeti ya chuma, ya 100, inakuruhusu kutumia asilimia 80 bila kuumia, zaidi ya wati-saa 1,000, na inavumilia kuchajiwa na kutumiwa maelfu ya mara pale ambapo ya risasi huanza kuchoka baada ya mia kadhaa. Bei yake dukani ni kubwa zaidi. Hata hivyo kwa mtu wa kisiwani ndiyo ninayoipendekeza, na sababu mojawapo ni safari yenyewe: kutoka Mwanza uvuke daraja la Kigongo–Busisi, upite Sengerema hadi Nyakaliro, upande kivuko, kisha bodaboda. Kilo 12 zinapakatwa. Kilo 45 za risasi zinafungwa kwa mpira nyuma ya pikipiki, na kama ni betri ya maji, tindikali inamwagika njiani na inafika ikiwa nusu.

Nije kwenye pasi. Pasi ya wati 1,000 kwenye betri ya volti 12 inavuta zaidi ya ampea 90. Betri yako ya 100, hata ingekuwa 100 kweli, ingekuwa hoi kabla hujamaliza sare za shule za wajukuu wawili. Endelea na pasi ya mkaa, mwalimu. Friji ya soda ni jambo la maana kwa biashara na sitaki kukukatisha tamaa, lakini lisimame peke yake. Friji ya kawaida ya madukani inaweza kula wati-saa 1,000 na zaidi kwa siku, mara mbili ya matumizi yote ya nyumba niliyokuandikia. Ziko friji za kulala, zenye mlango juu, zilizotengenezwa kwa ajili ya sola, ambazo hula nusu ya hapo au pungufu. Duka likikulipa, mwakani inunulie friji ya aina hiyo paneli zake na betri yake. Ukiichomeka kwenye betri ya nyumba leo, utakuwa na soda baridi na watoto wanaosomea kibatari.

Na kama friji na pasi havipo, inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa gridi, huihitaji. Taa, TV, redio na chaja za simu vyote vinapatikana vya volti 12. Inveta ikiwashwa tu, bila kuchomekwa chochote, inakula umeme usiku kucha.

Jambo ambalo fundi wako hakukuambia kabisa ni waya. Anataka paneli iwe juu ya kibanda na betri iwe chumbani, mita 15. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 30 za waya. Paneli mbili za wati 100 zitasukuma ampea 11 hivi. Akitumia waya ya milimita 1.5, ile nyembamba ya taa, volti 4 zinapotelea njiani. Paneli iliyopata joto juu ya bati saa nane mchana inatoa volti 16 au 17; toa 4, zinabaki 12 au 13, na betri ya volti 12 inahitaji zaidi ya 14 ili ijae. Hapo betri haitajaa hata siku moja, utaambiwa ni mbovu, utauziwa nyingine. Waya ya milimita 6 ingepoteza volti moja tu. Bora zaidi ni kuacha kibanda, paneli zifungwe juu ya bati la nyumba kubwa, karibu kabisa na betri ilipo, halafu ipelekwe dukani waya ya taa na redio peke yake, ambayo inabeba umeme mdogo.

Juu ya bati, paneli isilazwe ikagusana na bati. Iachiwe nafasi ya kiganja kizima chini yake hewa ipite, na mabano yafungwe kwenye papi au kenchi kwa skrubu, matundu yazibwe kwa silikoni. Hapa tupo karibu nyuzi 2 na nusu kusini mwa ikweta, jua linatupita karibu utosini, kwa hiyo mwinamo mdogo wa nyuzi 10 hadi 15 kuelekea kaskazini unatosha, hasa ili mvua ioshe vumbi badala ya kutuama. Chunguza kivuli cha mwembe saa tatu asubuhi na saa kumi jioni, si adhuhuri tu.

Betri isikae chini ya kitanda. Ya risasi inatoa gesi inayoshika moto inapochajiwa. Iwekwe kwenye ubao, mahali penye dirisha, mbali na jiko na kibatari. Kwenye waya chanya, karibu kabisa na betri, pawe na fyuzi. Nyumba ambayo waya imeshikana bila fyuzi huungua kama nyumba yoyote ya umeme wa TANESCO. Kati ya paneli na betri lazima kuwe na kontrola ya chaji, kifaa kinachozuia betri isijazwe kupita kiasi, kwako ya ampea 20, iliyowekwa kwenye aina ya betri uliyonunua. Simama uangalie anavyounganisha: betri kwanza kwenye kontrola, kisha paneli, mwisho taa. Akianza na paneli, mwambie asubiri. Na kabla hajashuka na ngazi yake, aguse ncha za paneli kwa multimita, kile kipimo cha umeme, ukiwa umesimama hapo. Paneli ya volti 12 isiyounganishwa na kitu isome 20 hadi 22 juani. Vipimo alivyopata viandikwe kwenye risiti pamoja na namba ya paneli, aina ya betri, bei ya kila kifaa na muda wa dhamana. Muulize pia leseni yake ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati. Fundi wa kweli hachukizwi na swali hilo.

Kuhusu mkopo wa kulipa kwa simu: si mbaya kwa mtu asiye na pesa ya mara moja. Wewe unayo. Ukiutaka hata hivyo, zidisha malipo ya siku kwa idadi ya siku zote za mkataba ujue unalipa jumla gani, kisha uulize nani atakuja Kome betri ikifa, na kama taa zitazimwa wiki uliyokosa kulipa. Kuhusu REA, wako kazini tangu 2007 na nguzo zimefika vijiji vingi, lakini kijiji kufikiwa na kitongoji kufikiwa ni mambo mawili. Uliza ofisi ya kijiji kama kitongoji chenu kimo kwenye orodha ya mradi. Hata kikiwemo, sola haitapotea, itabaki kuwa taa zako siku umeme ukikatika. Sharti ni moja: waya za sola na waya za gridi zisichanganywe kamwe bila swichi ya kubadilishia iliyofungwa na fundi mwenye leseni.

Huyo fundi mrudishie vifaa vyake mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, kwa maandishi.

SWALI: Fundi, mimi ni kinyozi Kayenze. Nina paneli ya 100 na betri ya gari N70, nimeiunga moja kwa moja. Betri ina miezi minne tu. Ilianza vizuri, sasa ikifika saa mbili usiku mashine ya kunyolea inalegea mteja akiwa kwenye kiti. Ninunue paneli ya pili?
Kinyozi, Kayenze

JIBU: Hapana, kaka. Betri ya gari imetengenezwa kuamsha injini: inatoa umeme mwingi kwa sekunde chache halafu gari linaijaza tena. Sahani zake ni nyembamba. Wewe unaikamua kila siku hadi chini, na mchana paneli inaichemsha bila kontrola ya kuizuia ikijaa. Miezi minne ndiyo umri wake katika kazi hiyo. Kabla hujatumia shilingi, jioni moja funga kazi mapema betri ikiwa imejaa, toa waya zote, na asubuhi kabla ya jua ipime kwa multimita. Betri nzima iliyojaa ikilala husoma 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Ikiwa imelala imejaa na imeamka chini ya 12, imekufa, na paneli hata tatu hazitaifufua. Nunua betri ya sola na kontrola yenye uwezo wa kukata umeme yenyewe betri ikishuka. Hiyo ya zamani iuze kwa wanunuzi wa betri chakavu. Usiivunje nyumbani wala kumwaga maji yake ufukweni, risasi ni sumu kwa watoto na tindikali inaua kila kitu mwaloni.

SWALI: Tangu tufunge sola, mama anataka tuishushe kila msimu wa mvua, anasema inaita radi. Jirani yetu kontrola na TV vimeungua usiku wa radi. Je, ni kweli?
Msomaji, Ukara

JIBU: Mpe mama shikamoo zangu, hofu yake ina msingi. Ziwa letu ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa radi sana duniani, na nyingi hupiga usiku. Usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko maji, upepo baridi unashuka kutoka pande zote za ziwa na kukutana katikati, juu ya maji yenye joto, na hapo mawingu ya radi yanajengeka. Wavuvi wa dagaa wanalijua hilo kuliko mimi.

Paneli yenyewe haiiti radi. Radi hutafuta kilicho juu na peke yake: mnazi, mlingoti, mtumbwi katikati ya maji. Lakini radi haihitaji kupiga nyumba yenu ili iharibu vifaa. Ikipiga mti wa jirani, mshtuko wake unaingia kwenye waya ndefu kama antena na kwenda moja kwa moja kwenye kontrola. Naamini ndivyo ilivyokuwa kwa jirani. Kwa hiyo waya za paneli ziwe fupi, na chanya na hasi zipite pamoja bega kwa bega, zisiachane moja huku nyingine kule. Fremu ya paneli iungwe kwa waya nene ya shaba hadi kwenye fimbo ya shaba iliyopigiliwa ardhini, sehemu inayobaki na unyevu. Ukara ina mawe mengi, mkikwama kwenye mwamba pigilieni fimbo mbili au tatu kwenye udongo wa pembeni na kuziunganisha. Wekeni kifaa cha kuzuia mshtuko wa radi kabla ya kontrola, na swichi ya kukata paneli. Mkiona mawingu yanapanda jioni, zimeni swichi hiyo na mchomoe TV pamoja na waya wa dishi, ambao watu wengi husahau. Radi ikishaanza, mtu asiguse waya wala kupanda juu.

Kuishusha na kuipandisha kila msimu kutailegeza na kutoboa bati. Iacheni juu.

SWALI: Paneli yangu ina vumbi na kinyesi cha ndege. Nitumie sabuni ya unga?
Mkulima, Magu

JIBU: Maji matupu na kitambaa laini, asubuhi kabla kioo hakijapata joto. Sabuni ya unga na steelwool vinakwaruza. Vumbi la Julai na Agosti lifute kila baada ya wiki mbili hivi, lakini kinyesi cha yangeyange usikisubirishe hata siku moja: vyumba vidogo vya paneli vimeungwa kwa mfululizo, kimoja kikifunikwa kinabana umeme wa vingine, na sehemu hiyo inapata joto hadi inaungua. Kama kuna tawi la mti wanapotua juu ya paneli, likate.